Mtoto Ni wa Nani? Habari ya Shule za Kulala za Kanada

Ndugu wa migodini na wa mjini, mababa na wamama wenye watoto masomoni,

Leo gazeti lenu linaleta habari ya inchi ya mbali, inchi ya Kanada. Tunajua wengine watauliza: Kanada ina neno gani na sisi watu wa Katanga? Jibu la kwanza ni fupi. Wakati wa vita kubwa ya 1940–45, sehemu ya mawe ya uraniumu ya Shinkolobwe, yaliyochimbwa kwa jasho la wababu zetu, ilipelekwa kusafishwa huko Kanada, katika mji wa Port Hope. Jasho letu linaijua inchi ile.

Jibu la pili ndilo lenye uzito. Huko Kanada serkali iliwachukua watoto wa wenyeji kutoka mikononi mwa wazazi wao, ikawatia katika shule za kulala zilizoendeshwa na misioni, na kazi hiyo ilidumu zaidi ya miaka mia moja. Na hapa kwetu Kongo, Wabelgiji nao waliwachukua watoto fulani kwa mama zao. Hukumu ya jambo lile ilitoka juzi tu, mwaka wa 2024. Ya kwetu tutayasema mbele. Tuanze na ya Kanada, kwa sababu huko mambo yaliandikwa katika vitabu vya serkali yenyewe, kwa wino, pamoja na hesabu. Sisi makarani tunajua kwamba kitabu cha hesabu kinaweza kufungwa kabatini miaka mingi, lakini siku kikifunguliwa kinasema yote.

Wenyeji wa Kanada ni mataifa mengi: Cree, Ojibwe, Mohawk, Dene, Blackfoot, Inuit na wengine wengi. Kila taifa lilikuwa na lugha yake, wakubwa wake na inchi yake. Kuanzia mwaka wa 1871, serkali ya Kanada ilifanya nao mapatano ya inchi, moja baada ya lingine. Wenyeji waliona kwamba nyama ya porini inakwisha na wageni wanaongezeka, wakataka watoto wao wajue kusoma na kuandika ili wasidanganywe. Kwa hiyo mapatano mengi yalitia neno la shule: serkali itaweka shule katika vijiji vya wenyeji, pale wazazi walipo. Ndugu, shikeni neno hili vizuri, kwa maana wapo wanaosema kwamba wenyeji walikataa elimu. Si kweli. Wenyeji waliomba shule na waliahidiwa shule. Walicholetewa kilikuwa kitu kingine.

Serkali ilikuwa na shabaha yake. Sheria kubwa ya mwaka wa 1876 iliwafanya wenyeji wote kuwa kama watoto wadogo mbele ya serkali. Mwaka wa 1879 serkali ilimtuma mtu wake, Nicholas Flood Davin, kwenda Marekani kutazama jinsi Wamarekani walivyowafundisha watoto wa wenyeji wao mbali na kwao. Alirudi akasema: fanyeni hivyo hivyo. Mwaka wa 1883, John A. Macdonald, Waziri wa Kwanza wa Kanada, alisimama katika Bunge akaeleza sababu bila kuficha. Alisema kwamba mtoto akisomea kijijini anakaa na wazazi wake, na wazazi wake ni washenzi, basi hata akijua kusoma atabaki mshenzi anayejua kusoma. Dawa yake: mtoto aondolewe kwa wazazi.

Tuwaze kidogo. Mtu akitaka kumfundisha mtoto hesabu, kuna haja gani ya kumwondoa kwa mama yake? Haja haipo. Lakini mtu akitaka taifa lisahau kwamba ni taifa, na likisahau hivyo lisidai tena inchi yake wala mapatano yake, basi ni lazima amshike mtoto angali mdogo, amweke mahali ambapo sauti ya mama haifiki. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya shule zile. Kusoma na kuandika kulikuja nyuma.

Zilikuwapo shule za namna hiyo hata kabla, kama ile ya Mohawk Institute katika mji wa Brantford, iliyoanza kulaza watoto mwaka wa 1831. Lakini baada ya 1883 serkali ilizieneza katika inchi nzima. Serkali ilitoa pesa, makanisa yaliendesha: Wakatoliki walikuwa na shule nyingi kuliko wote, kisha Waanglikana, Wapresbiteri, Wametodisti, na baadaye Kanisa la Muungano la Kanada. Tume iliyochunguza jambo hili iliandika kwamba watoto wasiopungua 150 000 walipita katika shule hizo. Katika mapatano ya malipo zilitajwa shule 139.

Sasa tuwape hesabu, maana hapa ndipo mfanyakazi wa mgodi ataelewa upesi kuliko mtu mwingine yeyote.

Tangu mwaka wa 1892 serkali ililipa kwa kichwa. Yaani kila shule ilipewa kiasi fulani cha pesa kwa kila mtoto aliyeandikwa. Vichwa vikiongezeka, pesa zinaongezeka. Vikipungua, pesa zinapungua. Na kiasi chenyewe kilikuwa kidogo. Katika mwaka wa 1938 shule hizi zilipata dola 180 hivi kwa mtoto kwa mwaka, wakati katika jimbo la Manitoba shule ya viziwi ilipata dola 642 kwa kila mtoto. Basi mkubwa wa shule afanye nini? Alifanya mambo matatu. La kwanza, alijaza nyumba kupita kiasi, kitanda kwa kitanda. La pili, alipokea hata mtoto aliyekohoa damu, kwa maana mgonjwa naye ni kichwa. La tatu, aliwatia watoto kazini. Kwa miaka mingi, mpaka karibu na 1950, desturi ilikuwa nusu siku masomo na nusu siku kazi: wavulana shambani, zizini na kupasua kuni, wasichana kufua, kushona, kupika na kusugua sakafu. Waliita kazi ile mafundisho ya ufundi. Lakini mtoto anayefua mashuka ya nyumba nzima kila juma, mwaka baada ya mwaka, amejifunza ufundi gani ambao hakuujua juma la kwanza? Ile ilikuwa kazi bila mshahara, na posho yake uji. Pale Mohawk Institute watoto wenyewe waliipa shule jina la shimo la uji, kwa sababu uji ndio waliokula kila siku.

Nyumba iliyojaa, chakula kidogo, wagonjwa na wazima chumba kimoja: kila mtu aliyekaa kambini anajua matunda yake. Kifua kikuu kiliwamaliza watoto. Na hakuna awezaye kusema serkali haikujua. Daktari mkubwa wa serkali yenyewe, Peter Henderson Bryce, alitumwa mwaka wa 1907 kutazama shule 35 za upande wa magharibi. Aliuliza kila shule: watoto mliopokea tangu mwanzo wako wapi? Shule 15 zilijibu. Kati ya watoto 1 537, karibu robo walikuwa wamekwisha kufa. Katika shule moja iliyotoa hesabu kamili, 69 kwa mia ya waliopita pale walikuwa wamekufa.

Ndugu, kama mgodi ungepoteza mtu mmoja kwa kila wanne, je, kesho yake nani angeshuka shimoni? Daktari Bryce alishauri: fungueni madirisha, pimeni watoto kabla ya kuwapokea, watengeni wagonjwa, serkali ishike mambo ya afya yenyewe. Walimjibu kwamba ni gharama kubwa. Mkubwa wa idara, Duncan Campbell Scott, aliona hakuna haja ya ripoti zake tena. Mwisho daktari aliondolewa kazini kwa lazima. Mwaka wa 1922 alichapa kijitabu chake mwenyewe akakiita habari ya kosa la jinai la taifa zima. Kijitabu kilisomwa, kisha mambo yaliendelea kama kwanza.

Yaliendelea, tena yalikazwa. Mwaka wa 1920 Scott yule yule aliitia nguvu sheria: kila mtoto wa wenyeji, tangu miaka 7 mpaka 15, aende shule, na serkali ndiyo yenye kuamua shule gani. Mzazi aliyekataa aliweza kushtakiwa, kunyimwa posho, na polisi walikuja kumchukua mtoto mlangoni. Tena tangu 1885 mwenyeji hakuweza kutoka katika eneo alilotengewa bila karatasi ya ruhusa, na jambo hilo halikuwa hata katika sheria yoyote. Wazee wetu waliotafuta karatasi ya kupita wakati wa Wabelgiji wanaelewa maana yake. Huko Kanada maana yake ilikuwa pia kwamba mama hawezi kwenda kumwona mtoto wake mpaka bwana wa serkali apende. Na tangu 1927 mpaka 1951 ilikuwa kosa mbele ya sheria kuchangisha pesa ili kumlipa mwanasheria wa kudai inchi ya wenyeji. Kwa hiyo walifungwa miguu, wakafungwa na mdomo.

Mtoto alipofika shuleni, siku ya kwanza alinyolewa nywele zake ndefu, ambazo kwao ni heshima. Nguo alizoshonewa na mama zilichukuliwa. Katika shule nyingi alipewa namba, akaitwa kwa namba. Akisema lugha ya kwao alichapwa. Kaka na dada waliokuwa nyumba moja waliwekwa mbali, wakionana kanisani wasiruhusiwe kusalimiana. Mama mmoja wa taifa la Secwépemc, Phyllis Webstad, ameeleza mbele ya watu wote kwamba mwaka wa 1973, akiwa na miaka sita, bibi yake alimnunulia shati jipya la rangi ya chungwa kwa ajili ya shule. Walimvua siku ile ile, hakuliona tena. Ndiyo maana leo Wakanada wengi huvaa shati la rangi ile kila tarehe 30 Septemba, siku ya kuwakumbuka watoto wale, ambayo tangu 2021 ni sikukuu ya serkali.

Wengi walitoroka. Siku ya mwaka mpya wa 1937, wavulana wanne wa shule ya Lejac walitoka kwa miguu wakitaka kufika kwa wazazi wao. Baridi ya Kanada inaua. Walikutwa wamekufa juu ya barafu ya ziwa, karibu na kwao. Mwezi wa Oktoba 1966 mtoto wa miaka 12, Chanie Wenjack, alitoka shule moja ya mji wa Kenora, akafuata njia ya reli. Kwao kulikuwa mbali kilometa 600 hivi. Alikutwa amekufa kandokando ya reli. Mwaka wa 1927 shule ya Beauval iliungua usiku, wakafa wavulana 19 na sista mmoja. Tunawaandikia haya kwa majina ya mahali na miaka yake ili mtu asiseme ni hadithi ya moto wa jioni.

Liko na jambo jingine ambalo lilifichwa mpaka mwaka wa 2013, wakati mwanahistoria Ian Mosby alipoliandika. Kati ya 1948 na 1952, waganga wa serkali waliwapima watoto katika shule sita. Walijua watoto wana njaa. Badala ya kuwalisha, waliwagawa: hawa wapewe vitamini, hawa wasipewe, tuone tofauti. Katika shule nyingine walizuia hata matengenezo ya meno, yasije kuharibu hesabu ya majaribio yao. Watoto wenye njaa waligeuzwa chombo cha kujifunzia.

Na kulikuwa na machafu ambayo mtu mzima anaona haya kuyataja. Watu waliopewa watoto walale chini ya ulinzi wao, wengine wao waliwaharibu watoto hao usiku. Kwa miaka mingi hakuna aliyesema. Mwezi wa Oktoba 1990, Phil Fontaine, mkubwa wa machifu wa Manitoba, alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe alitendewa hivyo alipokuwa mtoto shuleni. Mtu mkubwa aliposema, wadogo nao walifungua midomo, maelfu kwa maelfu.

Tusikilize basi neno la upande wa pili, kwa kuwa gazeti la haki halikimbii neno la mtu. Wapo wanaosema: lakini watoto wale walijua kusoma, wengine wakawa watu wakubwa, na walimu wengine walikuwa na moyo mzuri. Ni kweli, walikuwapo masista na walimu waliowapenda watoto. Lakini mwema anayefanya kazi katika nyumba iliyojengwa kwa ubaya haibadilishi nyumba. Hata Daktari Bryce alikuwa mwema, na mnajua alivyotupwa.

Mimi mwenye kuandika nilisoma kwa mapadri. Kalamu ninayoshika walinipa wao, sikatai. Huko nako tulipokea fimbo kwa kusema Kiswahili uwanjani, na lile halikuwa jema. Lakini iko tofauti kubwa: baba yangu ndiye aliyenipeleka, baba yangu aliweza kunitoa, na kila likizo nilirudi nikala kwa mkono wa mama. Mtoto wa Cree hakuwa na baba mwenye neno. Kipimo chetu ni hicho: mzazi ana neno au hana? Shule ambayo mzazi ana neno ndani yake inaweza kukosea na ikarekebishwa. Shule ambayo mzazi hana neno itakosea, na hakuna atakayejua mpaka makaburi yahesabiwe.

Wazee walisema: mwacha mila ni mtumwa. Watoto wale hawakuacha mila, walinyang'anywa. Madhara yake hayakuisha siku walipotoka. Mtoto aliyelelewa kwa fimbo na kengele, bila kubebwa na mtu, akizaa hajui namna ya kubeba. Wengi walirudi kijijini hawawezi kuongea na bibi zao, kwa kuwa lugha imekatika. Mjini nako Wazungu hawakuwapokea. Wengine walizamia katika pombe, wengine walijiua, wengine walipiga watoto wao kama walivyopigwa. Kisha serkali ilitazama nyumba hizo zilizovunjika kwa mkono wake yenyewe, ikasema wazazi hawa hawafai. Katika miaka ya 1960 na iliyofuata ikawachukua tena watoto maelfu, ikawapa Wazungu wawalee. Lugha nyingi za wenyeji leo zinasemwa na wazee tu.

Sasa turudi nyumbani, kama tulivyoahidi.

Mwaka wa 1890 na wa 1892, dola ya mfalme Leopold II ilitoa amri kwamba watoto walioachwa, au waliotolewa utumwani, wako chini ya ulezi wa Dola. Makoloni ya shule yalifunguliwa Boma na Nouvelle-Anvers, na wavulana walifundishwa huko ili wawe askari wa Force Publique. Wengi walikufa. Neno lile la «walioachwa» liliendelea kuishi hata baada ya Leopold. Wabelgiji walilitumia kwa watoto waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mwafrika. Mtoto alikuwa na mama, ana babu na bibi, ana wajomba, anakula na kulala kwao. Lakini katika karatasi aliandikwa kuwa ameachwa. Bwana mkubwa wa wilaya alituma amri, na mtoto alipelekwa kwa masista, kama vile misioni ya Katende huko Kasai, au Save huko Rwanda. Majina yalibadilishwa, na jina la baba mara nyingi halikuandikwa. Walimwogopa mtoto yule kwa sababu rangi yake ilionyesha uongo wa ukuta waliojenga kati ya Mzungu na Mweusi.

Tarehe 4 Aprili 2019, Charles Michel, Waziri wa Kwanza wa Ubelgiji, aliomba radhi katika Bunge kwa ajili ya watoto hao. Lakini wamama watano waliozaliwa Kongo na kupelekwa Katende walisema: radhi peke yake haitoshi. Walikwenda mahakamani mwaka wa 2020. Mwaka wa 2021 walishindwa. Hawakukata tamaa, wakaomba rufaa. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels ilihukumu kwamba Dola ya Ubelgiji, kwa kuwatwaa watoto hao kwa mama zao kabla hawajafika miaka saba, kwa sababu ya asili yao tu, ilifanya uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kila mmoja alipewa haki ya kulipwa euro 50 000. Wamama watano, wazee wenye miaka zaidi ya sabini, waliishinda Dola nzima.

Huko Kanada nako walishinda kwa kushikamana. Waliopita katika shule zile waliishtaki serkali na makanisa kwa maelfu, mpaka mapatano yakafanyika mwaka wa 2006. Kila aliyelazwa alilipwa dola 10 000 kwa mwaka wa kwanza na 3 000 kwa kila mwaka uliofuata, na waliotendewa machafu walikuwa na malipo yao mbali. Tarehe 11 Juni 2008, Waziri wa Kwanza Stephen Harper aliomba radhi katika Bunge. Tume ya Ukweli na Upatanisho, chini ya jaji Murray Sinclair, mwenyeji wa taifa la Ojibwe, ilisikia watu zaidi ya 6 500. Mwaka wa 2015 ilimaliza kazi, ikaliita jambo lile mauaji ya utamaduni wa mataifa, ikatoa maagizo 94. Majina ya watoto waliokufa yaliyokusanywa sasa yamepita 4 100. Papa Fransisko alikwenda Kanada mwezi wa Julai 2022, akaomba radhi mahali pa Maskwacis.

Mlisikia pia habari ya makaburi ya mwaka wa 2021. Tuiseme sawasawa, tusiongeze. Pale Kamloops, mashine inayopima chini ya udongo ilionyesha alama kama 200 zinazoweza kuwa makaburi yasiyo na msalaba. Hazijachimbuliwa ili kuhakikisha. Wapo wanaoshika neno hilo ili kusema yote ni uongo. Lakini vifo vile maelfu havikutoka katika mashine. Viliandikwa na shule na serkali zenyewe, na Daktari Bryce alivihesabu tangu 1907.

Shule ya mwisho iliyoendeshwa na serkali, ile ya Gordon katika jimbo la Saskatchewan, ilifungwa mwaka wa 1996. Si zamani. Wengi wenu mnaosoma mlikuwa mmezaliwa.

Tunataka mwisho mjue habari moja ambayo haitajwi sana, nayo ndiyo fundisho kwetu. Katika jimbo la Alberta ilikuwapo shule ya kulala jina lake Blue Quills. Mwaka wa 1970 serkali ilitaka kuifunga na kuwatawanya watoto katika shule za Wazungu mjini, bila kuwauliza wazazi. Mwezi wa Julai wazazi waliingia ndani ya shule, wakaketi. Walipika humo, walilala humo, wazee waliomba humo kwa desturi yao, na watu walifika kutoka vijiji vya mbali kuwaunga mkono. Walikaa zaidi ya majuma mawili. Waziri Jean Chrétien alikubali. Wenyeji walipewa shule waiendeshe wao wenyewe, na kwa shule ya namna ile ilikuwa mara ya kwanza Kanada. Leo nyumba ile ile ni chuo kikuu cha wenyeji, na lugha ya Cree na ya Dene, ambazo watoto walipigwa kwa ajili yake, zinafundishwa humo.

Fundisho ni lipi? Wazazi wale hawakuichoma shule. Waliitaka, kama wababu zao walivyoiomba katika mapatano. Walidai iwe mikononi mwao.

Basi ndugu mfanyakazi, wewe unayetoa pesa za shule kila mwezi kabla ya kununua unga: usidhani kulipa ndiyo mwisho wa kazi yako. Nenda shuleni. Mjue mwalimu, naye akujue. Komiti ya wazazi ikikutana, usiseme umechoka na zamu. Ukimpeleka mtoto mahali pa kulala, uliza analala wapi, anakula nini, nani ana ufunguo usiku, na kama anaweza kukuandikia barua isiyofunguliwa na mtu. Mtoto akisema ameteswa, msikilize kabla ya kumsikiliza mkubwa wake. Na wewe mama, sema na mtoto lugha ya kwenu nyumbani, Kiluba, Kibemba, Kisanga, Kilunda, hata kama anajibu Kifaransa. Kifaransa atakipata darasani. Ile nyingine hana mwalimu ila wewe.

Na mtu wa serkali, au wa kampani, au wa kanisa, au wa kundi lolote lenye jina zuri, akija kukuambia mtoto wako atakuwa mtu kamili akitengwa nawe, mwulize kwa adabu: nani alikuambia kwamba sasa si mtu?